Mvua ya Kwenu, Mvua ya Kwetu

Ha Lekunya, kupitia Mokhotlong, Lesotho
12 Septemba 1982

Dada Perepetwa,

Asante kwa kazi ya nyumba na shamba. Mimi ni mzima. Baridi inakwisha, theluji imebaki vileleni tu, na mipichi imetoa maua. Mwaka huu nina madarasa matatu ya fizikia na moja la hisabati. Nina pia mwanafunzi mwenye ndevu kunishinda. Anaitwa Mothibeli. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka akawa kijana mkubwa, ndipo akaingia shule, na sasa anakaa nyuma kabisa kwa sababu magoti yake hayaingii kwenye madawati ya mbele. Mwambie mama ninakula vizuri: ugali wa mahindi na mboga, nyama ya kondoo wakati mwingine. Ndizi za kupika sijaziona tangu niingie nchi hii.

Barua hii anakuletea Bwana Ssempa, Mganda mwenzetu anayefanya kazi huku, mkononi, ndiyo maana mara hii nasema wazi. Isome, kisha uitie jikoni. Za posta zinafunguliwa.

Ulipoandika kwamba mvua ya Juni ilikuja alfajiri ikachukua baiskeli ya baba, redio, na mabati ya jikoni, nilielewa. Mvua haichukui baiskeli. Ulipoandika kwamba ilirudi ikaingia kwa jirani yako Kasifa, na kwamba Kasifa hakutoka kitandani wiki nzima, nilielewa pia. Askari hao watarudi. Ndipo nilipomfikiria Nabukeera.

Binti yako ana miaka kumi na minne. Hawezi kubaki hapo. Mke wa Ssempa anakuja huku Januari na watoto wake, kupitia Nairobi, na amekubali kumchukua. Mkuu wa shule amenipa nafasi yake kidato cha kwanza, na chumba changu nimekigawa kwa pazia. Kazi yako ni kumpatia paspoti na kumfikisha Kampala kwa mke wa Ssempa. Mengine niachie mimi.

Kuna jambo hukuniambia. Uliandika "tumebaki watatu" bila kutaja majina. Wewe, mama, Nabukeera. Shemeji Matia yuko wapi?

Mdogo wako,
Kerementi


Kakinzi
31 Oktoba 1982

Kerementi mdogo wangu,

Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Anasema mtu anayekula ugali kila siku atarudi nyumbani ameota kwato. Kahawa imezaa kupita mwaka jana lakini hakuna anayekuja kuinunua, inaiva na kudondoka. Padri hatujamwona Jumapili kadhaa. Nguruwe alizaa, watoto tumewagawia watu mapema, kabla mvua haijatusaidia kuwagawa.

Yale uliyompa Bwana Ssempa yamefika, na nimeyatia pale uliposema. Nimekubali. Usidhani nimekubali upesi. Nilimwambia Nabukeera tukiwa tunamenya ndizi. Akauliza, "Huko kuna ndizi?" Nikasema hakuna. Akamenya mbili zaidi, akauliza, "Kuna mvua?" Nikamwambia mjomba wako ana miaka miwili huko na hajaandika habari ya mvua hata mara moja. Akasema, "Basi huo ugali nitaula."

Hapa haijapungua. Juzi ilipita barabarani tu bila kuingia mashambani, tukashukuru. Siku zenye mawingu Nabukeera simwachi nyumbani.

Paspoti inashughulikiwa na binamu yake mama, yule wa Nsangi. Utapata mtoto mwenye kichwa kigumu. Neno la kwanza halisikii, la pili analijibu, la tatu ndilo analifanya. Usimpige, hujazoea.

Umeuliza habari za Matia. Mihogo ya upande wa kisimani imestawi sana mwaka huu.

Dada yako,
Perepetwa


Ha Lekunya
28 Novemba 1982

Dada,

Mpe mama salamu, na umwambie kwato bado. Natumaini paspoti imetoka. Huku tumepata msiba, na kwa kuwa Nabukeera atausikia akifika, ni afadhali muusikie kwangu.

Jumanne ya tarehe 16 palikuwa na joto lisilo la milima hii. Baada ya chakula cha mchana wingu lilisimama upande wa magharibi, jeusi chini, jeupe juu, na kondoo wakaanza kuteremka bila kuitwa. Nilikuwa na kidato cha pili. Watu wa hapa radi ikikaribia hufunika vioo, huvua nguo nyekundu, na hunyamaza. Wanafunzi wakanyamaza. Mimi nikaona hiyo ni nafasi ya somo. Nikawaambia wahesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, wagawanye kwa tatu, wapate kilomita.

Mothibeli akasema kutoka nyuma, "Ntate mwalimu, hiyo haihesabiwi. Ukiihesabu inadhani unaiita."

Wakacheka kidogo, kwa woga. Tukahesabu mara ya kwanza tukafika tisa. Mara ya pili sita. Ikaja mvua ya barafu, vipande vikubwa kama mayai ya bata, ikatoboa mabati ya darasa la jirani na kuua kondoo wa chifu waliokuwa uani. Mara ya tatu hatukufika moja. Radi ilipitia ukuta wa nyuma. Mothibeli alikufa palepale alipoketi. Wengine sita walianguka wakaamka. Paa liliondoka zima likaangukia nyuma ya jengo. Mimi sikupata kitu.

Alhamisi chifu wetu, ambaye ni mwanamke, aliita watu wote wa Ha Lekunya. Walitaka kujua ni nani aliyeituma. Wageni wa shule, mimi na mwalimu mmoja wa Ghana, tuliambiwa tusimame mbele.

Mzee mmoja akaniuliza, "Kwenu ipo?"

"Ipo."

"Basi umekuja nayo?"

"Nimekuja na sanduku moja, baba."

"Safari nyingine lete mahindi."

Nikawaeleza chaji za umeme, za wingu na za ardhi. Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mama yake Mothibeli akasema, "Mwalimu, umetueleza njia iliyopita. Njia hatukuuliza. Tunauliza kwa nini ilikuacha wewe uliyesimama, ikamchukua aliyekaa."

Aliyenitetea ni Mama Puleng, anayefundisha upishi, tunayepakana naye ukuta. Alisema, "Kitu hiki hutumwa na mtu anayekufahamu. Huyu hamfahamu yeyote. Miaka miwili yuko hapa, na asubuhi bado ananisalimia Ntate, kama mwanamume." Watu wakacheka, hata chifu, nikaruhusiwa kuketi. Lakini bado wanamtafuta aliyeituma.

Mambo ya Januari yako palepale. Nitampokea Nabukeera Maseru mimi mwenyewe.

Kerementi


Kakinzi
6 Februari 1983

Kerementi,

Sisi tupo. Mama yupo. Kuku wamekwisha.

Mke wa Ssempa ameondoka bila Nabukeera. Utakuwa umeshajua. Barua yako ya Novemba ilifika siku chache kabla ya safari. Mtoto alikuwa ameshasuka nywele, sanduku limefungwa kwa kamba. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaketi nikaisoma tena. Kisha nikamwambia afungue kamba.

Kumbe na huko inanyesha. Miaka miwili umenyamaza ili mimi nisijue. Mdogo wangu, barafu kubwa kama mayai zinazotoboa mabati nazifahamu, mlango wetu unazo alama zake. Paa limeondoka zima. Kijana ameuawa ameketi kwenye dawati. Kisha watu wanakusanywa, wageni wanasimamishwa mbele, wanaulizwa nani ameileta. Hapa nako huanza hivyohivyo. Na unasema bado wanatafuta. Tena redio ya jirani ilitangaza mwezi wa Desemba mvua ya Maseru, iliyotoka Afrika Kusini ikavuka mpaka usiku ikawakuta watu majumbani mwao. Maseru, ndiko ulikotaka nimshushe mtoto.

Umeandika kwamba hukupata kitu. Mama aliomba aishike barua. Kusoma hajui, lakini mwandiko wako anaufahamu tangu ulipokuwa unaandika kwa mkaa ukutani. Akaiweka mbali na macho, akasema, "Huu si mkono wa mwanangu. Mkono huu umefanyiwa kitu." Nami nikatazama, nikaona kweli herufi zimelala upande kama mihogo iliyopigwa na upepo.

Walikufanya nini? Usijibu. Najua huwezi.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeona mtoto abaki na mvua ninayoijua saa zake.

Alilia siku moja. Sasa haulizi tena.

Perepetwa


Ha Lekunya
13 Machi 1983

Dada Perepetwa,

Salamu kwa mama, na pole kwa kuku.

Nilikuwa Maseru siku ile ya Januari. Mke wa Ssempa alishuka na watoto wake watatu. Nikaendelea kutazama mlango wa basi mpaka dereva akaniuliza nimepoteza nini.

Dada, niliyokuandikia ni mvua. Ni maji, na yalitoka mawinguni. Najua neno hilo siku hizi lina kazi nyingi, na mimi nilipaswa kukumbuka kabla ya kuliandika. Sikukumbuka kwa sababu huku halina kazi nyingine. Nimekaa mezani nikitafuta neno la kuweka mahali pake, sijalipata. Kwa hiyo nakupa vipimo, kwa kuwa namba hazina maana mbili. Kipimo cha mvua cha shule kilifika milimita sitini na moja kabla ya kuvunjika. Barafu moja tuliyoipima maabara ilikuwa na gramu themanini. Radi moja hubeba amperi elfu thelathini, na hushuka chini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Hayo yamo vitabuni, mtu yeyote aliyesoma atakueleza.

Uliyosikia redioni kuhusu Maseru ni kweli, na si haya. Maseru ni safari ya siku mbili kutoka hapa. Walionisimamisha mbele ya watu ni majirani zangu. Jana wameniletea malenge.

Mkono wangu ni mzima. Niliandika kwa haraka.

Nafasi ya Nabukeera mkuu wa shule ameniwekea mpaka mwisho wa mwaka. Mwenye kufuatana naye bado namtafuta. Nijibu upesi, tafadhali, hata mstari mmoja.

Kerementi


Nsangi
22 Mei 1983

Kerementi,

Tazama anwani. Hatuko Kakinzi tena. Tuko kwa binamu yake mama, kumi na moja katika vyumba viwili. Mvua ilikuja mchana mara hii, na ilikaa. Tulitembea siku mbili. Mama tulimbeba kwa zamu, akawa anatugombeza kwamba tunamtikisa kama chupa ya dawa. Goti lake limevimba, ulimi haujavimba.

Nabukeera nilimnyoa nywele kabla hatujaondoka. Kaptula za Matia nimezipunguza nikamvisha, kwa sababu hakuna anayezihitaji tena. Njiani, penye vizuizi, aliitwa Kizito. Bado anaitwa hivyo. Shule hapa imefungwa. Amejifunza kukaa kimya kwa namna ambayo siipendi.

Barua yako ya vipimo nilimpa mwalimu mmoja tunayeishi naye anifafanulie. Alipofika kwenye amperi elfu thelathini akainua macho, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni wengi hivyo?" Nikamwambia sijui, hakueleza kama wanakuja kwa miguu au kwa lori. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndugu yako ni mtu jasiri kuandika hesabu yao."

Nawe unasema uliandika kwa haraka. Mwenye haraka huharibu mstari mmoja. Wewe umeharibu barua mbili nzima. Kwetu anayesema "mkono wangu ni mzima" bila kuonyesha mkono, tunamwombea.

Usimtafute tena mtu wa kufuatana naye. Jitafutie wewe njia ya kutoka.

Perepetwa


Ha Lekunya
26 Juni 1983

Dada yangu,

Nimefurahi kujua mama bado anagombeza. Mwache agombeze.

Habari ya kaptula nimeisoma mara nyingi. Shemeji alinifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu na kusema ameshika kumbe ameshaachia. Sitaandika zaidi.

Barua hii haipiti posta. Inakwenda katika mzigo wa masista, kutoka nyumba yao ya Roma hadi nyumba kuu ya shirika lao karibu na Kampala. Nasema Roma ya hapa Lesotho. Ya Papa iko kwake. Kwa hiyo nitaandika kama mara ile ya Ssempa.

Mama alisema kweli. Radi ilipopiga nilikuwa nimeegemea dirisha la chuma, nikihesabu. Mkono wa kulia uliungua hadi kwenye kiwiko. Vidole viwili vimekakamaa, havikunjiki. Siku zote hizi ninaandika kwa mkono wa kushoto. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungemzuia mtoto asije mahali panapochoma watu. Basi ukamzuia kwa sababu ya kile nilichokificha, na katika miezi hiyo mmetembea siku mbili mkimbeba mama. Nimelifikiria hilo vya kutosha. Wewe usilifikirie, una kazi nyingine.

Lakini ni radi iliyoniunguza. Hakuna mtu aliyenigusa.

Nilipopata barua yako ya Mei nilimsimulia Mama Puleng. Kwanza alicheka hata akashika ukuta. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kwenu mvua ni watu?"

"Ndiyo. Wenye bunduki."

"Na wakishapita, mnavuna nini?"

"Hatuvuni. Tunahama."

"Sasa wewe mwalimu mzima, unampelekea dada yako namba za nini? Namba hata wenye bunduki wanazo." Akaingia ndani akatoka na konzi ya mboga kavu. Hapa wanawake huchuma mboga za porini miezi ya joto, huzichemsha na kuzianika kwa ajili ya miezi hii ya baridi. Alisema, "Hizi niliziokota nyuma ya lile darasa, pale paa lilipoangukia. Hapakuwa na kitu pale, palikuwa pakavu kama kichwa cha mkuu wa shule. Ile mvua ilipoondoka zikatoka zenyewe. Mpelekee apike."

Zimo ndani ya karatasi hii. Usiogope rangi yake.

Masista wawili wa kwenu wanakuja Roma kusoma, wanaondoka Kampala mwishoni mwa Septemba. Mkubwa wao anaitwa Sista Feresta. Nimeshaandika kwa mama mkuu wao, naye amekubali watatu wasafiri pamoja. Sitakusihi. Uamuzi ni wako.

Kerementi


Nsangi
28 Agosti 1983

Mdogo wangu Kere,

Pole kwa mkono. Pole sana. Mama amesema uupake samli, nami nimemwambia ni tangu Novemba, akasema hata hivyo.

Mboga ilifika nusu yake ikiwa vumbi. Mama aliinusa kwanza, akaweka kidogo kwenye ulimi, akafunga macho kama anayeonja chumvi ya dukani. Akauliza, "Hii imeota wapi?" Nikamsomea pale ulipoandika habari ya paa. Nikarudia. Kisha akasema, "Ya kwetu ilipita Kakinzi mara saba. Haijaacha hata jani la kumpa sungura. Mpelekeni mtoto."

Niliipika kwa karanga. Haikujaa hata bakuli dogo, tukala watatu. Nabukeera alisema ina uchungu, lakini ataizoea. Ni maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima.

Nimekutana na Sista Feresta. Ni mwembamba, anatembea upesi, na alipoambiwa kwamba Kizito ni msichana hakushtuka hata kidogo. Alisema tu, "Nywele zitaota njiani." Paspoti ina jina lake la kweli na picha yenye nywele, kwa hiyo kilemba atafungwa.

Umesema mimi nije pia. Hukusema, lakini nimekusikia. Mama hawezi safari hiyo, nami siwezi kumwacha. Usiliandike hilo katika barua zako, nitashindwa kulijibu.

Mtoto nimemweleza vizuri. Nimemwambia: huko mvua ni mvua, ni maji, haimjui mtu. Usiiogope.

Mfundishe. Mwache alale sana.

Dada yako,
Perepetwa


Ha Lekunya
6 Novemba 1983

Dada Perepetwa,

Amefika. Naanza na hilo ili msisome mengine mkiwa mmeshika pumzi.

Tulionana Maseru tarehe 11 Oktoba. Wamekuja wazima, isipokuwa Sista Feresta aliyepoteza miwani Lusaka. Mpakani, alipomwona ofisa mwenye kofia, Nabukeera alifungua mdomo kumpa jina akasema Kizito. Ofisa akatazama paspoti, akamtazama yeye. Sista akasema, "Ni jina la ekaristi," jambo ambalo halipo, na muhuri ukagongwa. Mwambie mama, atafurahi.

Analala sana. Anakula. Ugali anausifu kwa adabu. Darasani amewekwa mbele kwa sababu ni mfupi, lakini anageuka nyuma kila mara kuangalia mlango uko wapi. Wenzake walimwonea siku mbili za kwanza kwa nywele zake. Siku ya tatu mmoja alimwita mvulana, akamjibu, "Nilikuwa. Nimeacha." Sasa wanamtaka kwenye timu ya mpira wa pete.

Jumatano hii ikaja radi, ya kwanza kwake hapa. Ilianza kama ile: joto, wingu upande wa magharibi, kondoo. Shule iliwaruhusu watoto mapema, kwa kuwa siku hizi tunawaruhusu. Tuliingia kwa Mama Puleng, mimi, yeye na watoto wake. Kioo kilifunikwa. Mlango ulipofungwa nikaona Nabukeera hayumo.

Alikuwa uani, katikati, mikono ameinyoosha, uso ameuinua juu. Barafu ilikuwa haijaanza. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka nguo zimemganda, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje. Nyuma yake radi ilipiga mlima, nikauona mwamba wote ukiwa mweupe.

Nilifika mlangoni. Miguu ikakataa kuvuka kizingiti. Naandika ilivyokuwa. Nikapaza sauti, "Ingia ndani!"

"Mjomba, ni mvua tu!"

"Nabukeera, ingia!"

"Mama amesema ni maji tu! Haimjui mtu!"

Mama Puleng alinisukuma kando, akatoka amejifunika blanketi, akamkamata sikio. "Mtoto wa watu, nani kakwambia hii ni tu? Uliza pale shuleni kama ni tu!" Akamwingiza ndani, akamkalisha sakafuni, akamvalisha blanketi hilohilo. Barafu ikaanza juu ya mabati.

Ilipopungua Nabukeera akaniuliza, kwa lugha yetu, ili wengine wasielewe, "Sasa niiogope ipi?"

Sikutaka kumhutubia. Nilikunja mkono wa shati nikamwonyesha kovu, kutoka kiwiko hadi vidole. Alikuwa ameuona mkono huo kila siku mezani na hakuuliza. Nadhani alidhani anajua ulifanywa na nani. Nikamwambia ni hii, hii ya nje. Akavishika vile vidole viwili, akajaribu kuvikunja polepole.

"Ilikufanya hivi bila kukuuliza kitu?"

"Bila kuniuliza kitu."

"Haikutaka majina?"

"Haikutaka."

Kisha akasema, "Basi ni afadhali." Lakini alisogea mbali na mlango, akaketi karibu yangu, na hakutoka mpaka ilipokwisha kabisa.

Kerementi